Elementali yupi umwite: wa hewa, wa ardhi, wa moto au wa maji?

Unacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kutupa dadu, na mchawi wako, au druidi wako (kuhani wa nguvu za asili), amefika ngazi ya 9. Kwenye karatasi yake umeandika uchawi mpya wa daraja la 5, ule wa kumwita elementali, yaani kiumbe aliyeumbwa kwa hewa, ardhi, moto au maji, na mwendesha mchezo anakutazama: unamwita yupi? Wengi hukwama hapo, kisha huchagua moto kwa sababu moto unapendeza kuusimulia. Wote wanne wamepewa kiwango kimoja cha ugumu, 5, lakini namba hiyo inaficha mengi. Aliyekuokoa juzi pangoni anaweza kukuangamiza kesho baharini.

Ninazungumzia Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za 2014. Kanuni hizo bado zinachezwa, na tangu Januari 2023 sehemu yake ya msingi imetolewa kwa leseni ya Creative Commons. Elementali wote wanne wamo, na uchawi wa kuwaita umo, kwa hiyo unaweza kuipakua bure na kuhakiki kila namba utakayoisoma hapa. Kanuni za 2024 zimeubadilisha uchawi huu: hauleti tena kiumbe mwenye zamu yake, huleta roho isiyoshikika inayowaumiza wanaoikaribia. Kabla ya yote, uliza meza yenu inatumia kanuni zipi.

## Ni kiumbe gani huyu

Wazo la asili nne ni la kale. Empedocles, Mgiriki wa Sicily wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba vitu vyote vimetokana na moto, hewa, maji na udongo. Sisi wazo hilo tunalo kwenye falaki: mtu huambiwa nyota yake ni ya moto, ya udongo, ya upepo au ya maji. Mchezo umechukua asili hizo na kuzipa umbo linalotembea.

Msomaji wa Kiswahili atafikiria jini mara moja, na hapo pana mtego. Mchezo una majini wake pia, wa asili nne zile zile, na yule wa moto jina lake linatoka kwenye neno la Kiarabu lile lile lililotupa "afriti". Lakini hao wana akili, hila na hiari yao, na kiwango chao cha ugumu ni 11. Elementali ana akili ya 5 au 6, wakati binadamu wa kawaida ana 10. Humshawishi wala huwekeani naye mapatano. Unamwamuru kwa sauti, na amri ikiwa ndefu unajitafutia matatizo.

Kumwita huchukua dakika nzima, yaani raundi 10 za mapigano. Maana yake unamwita kabla vita havijaanza. Unahitaji eneo la asili yake lenye ukubwa wa futi 10 kila upande, kama mita 3, na kitu cha mkononi: ubani unaofuka kwa wa hewa, udongo laini wa mfinyanzi kwa wa ardhi, salfa na fosforasi kwa wa moto, maji na mchanga kwa wa maji. Akija, anakutii kwa muda usiozidi saa moja, mradi umakini wako, ule unaoushikilia uchawi huo, haujakatika.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila mmoja nitampima kwa mambo matano: asili yake inapatikana wapi, mwendo wake ukoje, pigo lake linamfaa adui wa aina gani, udhaifu wake ni upi, na akikugeukia itakuwaje.

Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, nami ndilo ninalolitanguliza. Umakini wako ukikatika, elementali haondoki. Anakuwa adui yako na wa wenzako, huwezi kumfukuza, na atabaki mpaka saa moja tangu ulipomwita iishe. Sheria hii ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Tangu 1974 elementali aliyeponyoka humrudia bwana wake.

Mimi ilinikuta kwenye ghala la chini lililojaa maji hadi kiunoni. Druidi wangu alikuwa nyuma ya nguzo, elementali wa maji amewameza walinzi wawili, na sisi tunapumua tukijua tumeshinda. Mlinzi wa tatu akanipiga mshale: madhara 9. Ukiumia huku umeshikilia umakini unatupa dadu ya kujiokoa, na namba ya kufikia ni 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Dadu ikasimama kwenye 4. Nikaongeza 2 za mwili wangu, ikawa 6. Mwendesha mchezo hakusema neno. Alishika kile kifuniko cha bluu cha chupa tulichokuwa tukikitumia kama elementali, akakisogeza taratibu kuelekea kwetu. Tulikuwa ndani ya maji, mahali anapoogelea futi 90 kwa zamu, na sisi tunajikokota futi 15. Tulizikwa wawili siku hiyo. Tangu hapo sijawahi kumwita elementali bila kwanza kujiuliza nitamkimbiaje.

Namba zao hizi hapa, kwa wastani (namba ya kinga ndiyo anayempiga lazima aifikie kwa dadu, na nyongeza ya kugonga huongezwa kwenye dadu yake yeye anapopiga):

| | Hewa | Ardhi | Moto | Maji |
|---|---|---|---|---|
| Namba ya kinga | 15 | 17 | 13 | 14 |
| Pointi za uhai | 90 | 126 | 102 | 114 |
| Mwendo kwa zamu (futi) | kuruka 90 | 30, na 30 chini ya ardhi | 50 | 30, kuogelea 90 |
| Nyongeza ya kugonga | +8 | +8 | +6 | +7 |
| Mapigo kwa zamu | 2 ya 14 | 2 ya 14 | 2 ya 10, na kuunguza | 2 ya 13 |

Wote sumu haiwagusi, na silaha zisizo za kichawi huwapa nusu tu ya madhara. Mbele ya askari wa kawaida wenye mikuki ya kawaida, yeyote kati yao ni kama ana uhai mara mbili.

## Wa hewa

Asili yake ndiyo rahisi kuliko zote kupatikana. Fukiza ubani na umwite, isipokuwa uwe chini ya maji au kwenye shimo jembamba lisilofika futi 10.

Mwendo ndiyo sifa yake kuu. Anaruka futi 90 na anaweza kusimama angani. Anapenya upenyo wa inchi 1, kwa hiyo mlango uliofungwa haumzuii kama chini yake pana nafasi. Wapiga mishale walio juu ya ukuta, adui anayeruka, mjumbe anayekimbia kwa farasi: hao ni wake.

Mapigo yake mawili ni mazito kama ya wa ardhi. Zaidi ya hayo ana kimbunga. Kila kiumbe aliye ndani ya nafasi yake hutupa dadu ya kujiokoa kwa nguvu, namba 13. Akishindwa hupata madhara 15, hurushwa hadi futi 20 na kuangukia chini. Ukingoni mwa jabali au kwenye sitaha ya jahazi, futi 20 zinatosha kummaliza mtu. Ila upande anaorushwa adui hauchaguliwi, ni wa kubahatisha, na nimewahi kuona zimwi likitua katikati ya waganga wetu. Kimbunga akishakitumia, atakirudia pale tu dadu ya nyuso sita itakapotoa 4 au zaidi.

Udhaifu wake ni uhai mdogo, 90. Akigeuka ni balaa: hakuna mguu wa kumshinda mbio, na kujifungia ndani hakusaidii. Faraja ni kwamba ndiye mwepesi kumwangusha mkikaza pamoja. Anamfaa mchezaji ambaye umakini wake ni imara, na anayecheza mahali pa wazi penye urefu wa kwenda juu.

## Wa ardhi

Huyu nampenda, na nitasema kwa nini, ingawa si wa kila mahali.

Asili yake iko chini ya miguu yako ukiwa shambani, msituni au pangoni. Tatizo huanza mjini na ngomeni, ambako sakafu ni mawe yaliyochongwa. Je, mawe hayo ni "ardhi"? Waendesha mchezo hujibu tofauti, kwa hiyo uliza kabla ya kumaliza uchawi wako wa siku. Kwenye meli, msahau.

Mwendo wake ni futi 30 tu, ila anapita ndani ya udongo na mwamba bila kuacha tundu wala ufa, kama samaki majini. Mwamba uwe haujachongwa wala kujengwa. Anahisi mtetemo wa kila anayekanyaga ardhi ndani ya futi 60, hata gizani, hata nyuma ya ukuta. Pangoni hii ni silaha kubwa: adui anachungulia mlangoni, naye anatokea nyuma yao, kwenye ukuta.

Mapigo yake hufika futi 10, na kwa majengo na vitu madhara yake huwa mara mbili. Kitu kikubwa kilicho imara, kwa mfano mkokoteni, kanuni hukipa wastani wa pointi 27. Pigo lake moja kwa kitu ni 28. Kwa hiyo geti la mbao halihitaji gogo la kubomolea wala askari ishirini. Linahitaji zamu chache za huyu mmoja. Anayepanga kuvamia ngome na kumwita wa moto hajafikiria vizuri.

Udhaifu wake ni ngurumo. Madhara ya ngurumo kwake ni mara mbili, na hata uchawi mdogo wa daraja la 1 wa wimbi la ngurumo, ambao wastani wake ni 9, kwake huwa 18. Tena, tofauti na wenzake watatu, anaweza kuangushwa, kushikwa na kubanwa kama kiumbe yeyote mwenye mwili.

Hilo linaonekana kasoro mpaka siku anapokugeukia. Hapo linakuwa wokovu: wenzako wanaweza kumwangusha, nawe unaweza kumkimbia kwa sababu hana kasi kukuzidi. Panda juu ya mti, juu ya daraja la mbao, juu ya sakafu iliyojengwa, naye amepoteza nusu ya ujanja wake. Ana uhai 126 na kinga 17, kwa hiyo kumuua ni kazi ndefu. Lakini kumkwepa inawezekana, na kwa kundi ambalo mchawi wake hujeruhiwa mara kwa mara hilo lina thamani kuliko madhara ya ziada.

## Wa moto

Kwanza, moto wenyewe uko wapi? Mwenge hautoshi, jiko halitoshi. Unahitaji moto wa futi 10 kila upande: tanuri kubwa la wahunzi, nyumba inayowaka, ziwa la volkeno. Vinginevyo mtakusanya kuni na kuwasha moto ambao kila mlinzi wa mbali atauona. Hili peke yake huwaondolea wengi chaguo hili.

Ukimpata, mwangalie kwa miguu yake, maana ndipo nguvu yake ilipo. Pigo lake ni 10, dogo kuliko yote, na hugonga kwa +6 tu. Lakini ana futi 50, na kila kiumbe ambaye elementali huyu anaingia kwenye nafasi yake hupata madhara ya moto ya dadu moja ya nyuso kumi, kisha huwaka, na huumia tena kwa dadu hiyo hiyo mwanzoni mwa kila zamu yake mpaka mtu atumie kitendo kumzima. Anayempiga kwa upanga akiwa karibu naye huungua. Goblini, adui mdogo na dhaifu, ana wastani wa pointi 7 za uhai. Mpitishe huyu katikati ya goblini wanne au watano waliosongamana, bila kupiga pigo hata moja, na wengi hawatafika mwisho wa raundi ijayo.

Dhidi ya adui mmoja mkubwa anapungua thamani, na viumbe wengi wa ngazi za juu hawaungui kabisa. Pia anaangaza: futi 30 za mwanga mkali na 30 nyingine za mwanga hafifu. Usitegemee kunyemelea ukiwa naye.

Udhaifu wake ni maji, na kanuni imeupa kipimo. Kila galoni moja anayomwagiwa humpunguzia pointi 1, na kila futi 5 anazotembea majini pointi 1. Ndoo ya lita 20 ni galoni 5 na kidogo, basi ni pointi 5. Ndoo ishirini zinamfikisha mahututi. Mto wenye upana wa futi 60 unamgharimu 12 kuuvuka. Akikugeukia, kimbilia majini, usimame humo, na mpige kwa mbali. Kinga yake ni 13, ya chini kuliko wote. Hata wanakijiji wenye ndoo wana cha kufanya, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya wale watatu.

Mjini, hata hivyo, hasara si yako peke yako. Hugusa kitu kinachowaka na kukiwasha: makuti, tanga, nyaraka, ghala la nafaka. Akiponyoka kijijini atabaki huko mpaka saa yake iishe, na siku ya pili mtaulizwa. Anamfaa mchezaji anayepigana na makundi ya wadogo kwenye mawe na mchanga, penye mto karibu.

## Wa maji

Baharini, mtoni, ziwani, bandarini, hana mpinzani. Jangwani hayupo. Kisima chembamba hakitoshi kwa sababu ya zile futi 10.

Mapigo yake ni ya wastani. Anachotishia nacho ni kumeza. Aliye ndani ya nafasi yake hutupa dadu ya kujiokoa kwa nguvu, namba 15. Akishindwa hupata madhara 13, hushikwa, hubanwa, hawezi kupumua, na kila zamu ya elementali inapoanza hupata 13 nyingine. Aliyebanwa hupigwa kirahisi na hupiga kwa shida. Anaweza kuwashika wawili wa ukubwa wa binadamu, au mmoja mkubwa, kwa wakati mmoja. Kwa adui anayetegemea kichwa kimoja, mchawi mkuu au kuhani, hakuna kati ya wanne hawa anayemzidi: mmeze kiongozi, wengine watapoteza mwelekeo. Mwenzake aliye jirani anaweza kujaribu kumvuta nje, ila hutumia kitendo chake chote kwa hilo.

Udhaifu wake ni baridi. Akipata madhara ya baridi, mwendo wake hupungua kwa futi 20 mpaka mwisho wa zamu yake inayofuata. Sasa angalia hesabu hii, kwa sababu ingewaokoa wenzangu kule ghalani kama tungekuwa nchi kavu. Mionzi ya baridi, uchawi mdogo kabisa ambao mchawi huurudia bila kikomo, hupunguza futi 10 kwa nguvu yake yenyewe. Nchi kavu ana futi 30. Toa 20, toa 10: amesimama. Mchawi mmoja anayelenga vizuri kutoka futi 60 anaweza kumgandisha pale pale raundi baada ya raundi huku kundi likiondoka. Majini anabakiwa na futi 60, na hapo hakuna wa kumkimbia.

Basi mwite ukiwa ufukweni, umesimama upande wa nchi kavu, na maadui wako majini au kando yake.

## Uamue kwa hali uliyo nayo

Mko chomboni baharini: chaguo ni hewa au maji. Adui yuko juu ya mlingoti au chombo kingine, mwite wa hewa. Anakuja akiogelea, au unataka kumzamisha nahodha wao, mwite wa maji, lakini jiulize nani kati yenu anaweza kuruka akiponyoka.

Mko pangoni au mgodini: ardhi, isipokuwa mnajua adui ana ngurumo. Mnavunja ngome: ardhi tena, mkimwitia shambani nje ya ukuta.

Maadui ni wengi na dhaifu, uwanja hauna kitu cha kuungua, na moto mkubwa unao: wa moto atawamaliza mapema. Adui ni mmoja mwenye nguvu, hasa mchawi, na maji yapo: wa maji. Hujui utakutana na nani na huna muda wa kutafuta asili: chukua ubani.

Yeyote utakayemwita, mwenzako mmoja aandae uchawi wa daraja la 1 wa kinga dhidi ya uovu na wema. Aliyekingwa, elementali hushindwa kumpiga vizuri. Ule wa kufukuza, wa daraja la 4, humrudisha alikotoka akishindwa kujiokoa. Nawe kaa nyuma ya kitu kigumu. Usisimame mahali mshale unapofika.

Kama mhusika wako ana mwili dhaifu na umakini wake hukatika kila pambano, muulize mwendesha mchezo kama anaruhusu uchawi mwingine uliotoka 2020. Ni wa daraja la 4, humleta elementali mdogo zaidi wa asili unayoichagua, na umakini ukikatika huyo hutoweka papo hapo. Unahitaji kichupa chenye nakshi ya dhahabu cha thamani ya vipande 400 vya dhahabu, na daraja la 4 linafunguka ngazi ya 7, kwa hiyo anza kuweka akiba mapema.